Siku niliyomwambia mpangaji wetu kwamba analipa ghali

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Bosi Liang, mwenye ofisi, Fang, mkalimani wake, binti aliyesomea Kiswahili chuo kikuu na kukiongea kwa usafi kuliko sisi wote, Bruno, mdogo wangu, aliyetua Guangzhou juzi yake na muhtasari wa kikao cha ukoo ndani ya bahasha ya kaki, Wanjiru wa Nairobi, rafiki yangu wa kazi ya kusafirisha mizigo, niliyemwomba awe shahidi, na mimi, Felista, mtoto wa kwanza. Yusta, kitinda mimba wetu, hakuwepo. Alikuwa nyumbani Masasi, shambani, na shamba hilo ndilo tulilokwenda kulijadili. Nawataja wote mapema kwa sababu kila mmoja wao alisema baadaye kwamba kosa halikuwa lake, na nakubaliana nao.

Vijana mnaofanya uwakala wa kuwanunulia wateja mizigo pale mtaani Xiaobei, Guangzhou, mmeniomba niandike kuhusu kazi kabla sijasahau. Wengine mmetaka kujua nilipataje wateja wakubwa na nilijenga baada ya miaka mingapi. Hayo nayaruka, hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, vifaa nilivyotumia, na kazi moja iliyonishinda kuliko zote. Kazi hiyo mteja wake nilikuwa mimi mwenyewe.

Niliacha shule darasa la sita. Mama alitangulia, baba akafuata mwaka uleule, na Bruno na Yusta walihitaji kula. Nikauza mitumba sokoni Masasi, baadaye Kariakoo, na mwishowe mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo akanikatia tiketi nikamsaidie kufunga mzigo China. Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba kupunguza bei sikujifunza China. China walinipa kalkuleta tu.

Siku yangu ya kwanza Shahe, soko la nguo la Guangzhou, nilisimama katikati ya njia, asubuhi na mapema, mikokoteni ya nguo ikinipita kulia na kushoto huku watu wakinipigia kelele. Aliyenivuta pembeni ni Mama Zuhura, Mswahili wa Mombasa, mnene, na viatu vya raba chini ya buibui. Aliniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia bosi wangu kalala hotelini, anaumwa tumbo.

"Basi leo bosi ni mimi," akasema. "Watazama nini? Kichina hukijui, hata mimi sikijui. Lugha ya hapa ni hii." Akatoa kalkuleta mkobani.

Aliniambia mwenye duka ataandika bei, atakusukumia. Wewe utabonyeza C, bei yake ifutike, uandike yako, umrudishie. Akanipa masharti matatu. La kwanza: "Ukitajiwa bei, ifute kwanza, kisha ndiyo ufikiri." Na unachoandika kiwe chini ya nusu. La pili: mteja wako asifungue mdomo, hata akiona moto. La tatu: ukikwama, sema *tai gui*, yaani ghali mno, uondoke, na usigeuke mpaka uitwe mara tatu.

Sharti la pili nililidharau, likaniadhibu. Nilikuwa na mteja wa Mbeya, mama mpole, nikampeleka kutazama majaketi. Nilikuwa nimeshamshusha muuzaji vizuri, uso nimeukunja kama nanusa kitu kilichooza, mara mama akalikumbatia jaketi kifuani akasema, "Jamani, ndilo lenyewe hili!" Muuzaji hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini kukumbatia anakujua. Bei ikakaa palepale. Tangu hapo kila mteja nilimwapisha mlangoni: mimi nikiwa kwenye bei, wewe ni bubu.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: futi ya fundi nguo, kalamu nene ya kuandikia maboksi, utepe, na kalkuleta yenye vitufe vikubwa niliyorithi kwa Mama Zuhura aliporudi kwao. Herufi C ilikuwa imefutika juu ya kitufe kwa kubonyezwa. Sikuhitaji kuiona. Kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Likizo moja nikiwa nyumbani, kanisani walinadi kuku wa sadaka. Mzee mmoja akataja elfu kumi. Mimi nikasimama, kwa sauti, nikataja sita. Kanisa zima likacheka, mchungaji akasema dada yetu amechoka na safari. Nikacheka nao, nikaketi. Mtu mwenye akili angekaa akajiuliza.

Sasa shamba. Baba na mama walituachia ekari kumi na moja, mikorosho, na makaburi yao wawili kwenye kona ya juu. Bruno ni karani wa maji mjini, mimi nilikuwa China. Aliyebaki kwenye shamba ni Yusta, na korosho zile ndizo zilizomlisha yeye na wanawe. Ndipo habari za gesi zilipofika. Kampuni iliyopewa kazi ya kulaza mabomba ilitaka eneo la kuweka kambi na kupanga mabomba yake kwa miaka minne, na eneo hilo lilikuwa letu.

Bruno alinipigia simu usiku huohuo, anahema. "Dada, tuna gesi!"

Nikamwambia hatuna gesi. Gesi iliyo chini ni mali ya Jamhuri, hata ingekuwa chini ya kitanda chako. Sisi tuna juu tu. Nilimweleza kama nilivyokuwa nawaeleza wateja niliowapeleka mji wa Shiling kununua mikoba: mwenye kiwanda hamuulizi mtu habari za ng'ombe, yeye amenunua ngozi. Sisi tunauza ngozi. Ng'ombe ana mwenyewe.

"Basi tuiuze ngozi vizuri," akasema Bruno.

Kijiji kilikubali, halmashauri ikakubali, makaratasi yakagongwa mihuri. Kilichobaki kilikuwa kodi ya pango. Mwenye kampuni hiyo, Bosi Liang, ofisi yake kubwa ilikuwa Guangzhou, dakika kumi kwa miguu kutoka chumba changu, na kikao cha ukoo kikaandika kwamba dada mkubwa ndiye atakayejadili kwa sababu "ana uzoefu wa muda mrefu wa kupatana bei na Wachina". Maneno hayo yamo kwenye muhtasari. Ninao mpaka leo.

Yusta alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, mimi sina maneno mengi. Nimepiga hesabu na Bruno. Korosho zangu za mwaka, kwa hela ya huko, ni kama elfu kumi na tano. Chini ya hapo usishuke, maana watakata mikorosho na mimi nitakula nini? Juu ya hapo ni bahati yetu wote." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, hakuna mtu aliyewahi kunishinda kwenye bei.

Asubuhi ya siku yenyewe tulitembea barabara ya Huanshi Zhonglu, mimi na Wanjiru, Bruno katikati yetu, amevaa koti la harusi yake. Nikampa masharti yangu. "Mimi nikiwa kwenye bei, wewe usifungue mdomo. Hata ukiona moto. Ukiona naondoka, ondoka. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Hata kukohoa."

"Dada, nimesikia."

Mnapaswa kumwelewa Bruno. Mimi ndiye niliyempeleka shule, nikamchapa alipotoroka, nikamnunulia hilo koti. Nikimwambia asikohoe, hakohoi.

Nilidhani tutakuta meza ndefu na viti. Ofisi ya Bosi Liang ilikuwa nyuma ya duka lake la viungo vya mabomba, ghorofa ya saba, na fundi alikuwa anapaka rangi ofisi siku hiyo. Kwa hiyo alitupokea dukani. Yeye alisimama nyuma ya kaunta. Sisi tukasimama mbele. Ukutani viungo vya shaba vimepangwa na vibandiko vya bei, kofia ngumu za njano zimerundikwa kando, na juu ya kioo cha kaunta, kalkuleta.

Fang akatukaribisha. "Karibuni sana, wageni wetu waheshimiwa. Bosi anafurahi kukutana na wenye ardhi." Wanjiru akaniambia sikioni, "Huyu msichana anaongea kama taarifa ya habari."

Bosi Liang alieleza mkataba, Fang akatafsiri, muda wa nusu saa, na katika nusu saa hiyo nilikuwa mwenye ardhi kamili. Niliuliza maswali ya maana. Kisha Bosi akachukua kalkuleta, akaandika, akanisukumia. Yuan ishirini na nne elfu kwa mwaka.

Kidole changu kikabonyeza C.

Nikaandika elfu kumi, nikamrudishia.

Bosi Liang akaitazama ile namba. Akanitazama mimi. Akaigeuza kalkuleta, kama vile labda ilikuwa juu chini. Akaandika tena ishirini na nne elfu, taratibu, akaisukuma.

"*Tai gui*," nikasema. Na uso nikaukunja.

Fang akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Mama Felista, samahani. Bosi anauliza kama umefahamu kwamba mlipaji ni yeye."

Niseme ukweli. Nililisikia vizuri swali lile. Lakini miaka yote hiyo wenye maduka wamenieleza kwamba sijaelewa: sijaelewa kitambaa, sijaelewa ubora, sijaelewa kwamba wanapata hasara kwa ajili yangu. Mtu anayekwambia hujaelewa anataka kukuvuruga. Nikamjibu, "Mwambie biashara nimeielewa kabla yeye hajafungua duka."

Akatafsiri. Bosi Liang akazungumza naye kwa sauti ya chini, muda mrefu.

"Bosi anauliza, shamba lina tatizo gani?"

"Shamba halina tatizo. Tatizo ni bei."

Hapo Bosi akaingiwa na hofu, na simlaumu. Mwenye shamba anayekataa pesa lazima ana kitu anaficha. Aliwaza kuna kesi mahakamani, au kuna ndugu mwingine amefichwa, au ardhi inatitia. Fang akasema, "Bosi yuko tayari kuongeza elfu mbili, mkiandika kwamba ardhi haina mgogoro." Akaandika ishirini na sita elfu.

Nikashangaa kwa hasira ya kweli. Nimeona wauzaji wengi, lakini anayepandisha bei katikati ya mapatano sikuwahi kumwona. Nikamgeukia Wanjiru. "Umeona? Anapanda!"

"Nimeona, mamaa," akasema Wanjiru, macho yamemtoka. "Nimeona vizuri sana."

Nikafuta. Elfu kumi. Akafuta. Ishirini na sita. Nikafuta. Tulikwenda hivyo mara tano au sita, yeye anasukuma juu, mimi nasukuma chini, wote tunatoka jasho. Fundi rangi akaacha brashi akaja kutazama. Bruno alikuwa amekaza midomo mpaka imekuwa myembamba kama uzi, na machozi yanamlenga. Nikadhani anaona fahari.

Nikasema *tai gui* ya mwisho, nikachukua mkoba, nikaondoka. Bruno akaondoka. Wanjiru akaondoka. Tukafika kwenye lifti nikasikia sauti ya kwanza, sikugeuka. Ya pili, sikugeuka. Ya tatu Bosi Liang mwenyewe alikuwa ametoka nje, kalkuleta mkononi. Alikuwa na mabomba bandarini yanayosubiri mahali pa kupangwa, na mwenye shamba anaingia kwenye lifti. Aliandika elfu kumi na mbili, akanionyesha kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu aliyeshindwa.

Nikakubali. Unamwachia kidogo ili na yeye asijisikie vibaya. Tulirudi ndani, tukasaini, tukachovya vidole gumba kwenye wino mwekundu, tukapiga picha. Fang akaniambia, "Bosi anasema amekodi mashamba katika nchi nyingi, lakini mwenye shamba mgumu namna hii hajawahi kukutana naye." Nikamwambia amshukuru.

Ndani ya lifti nilikuwa naangalia kidole changu chekundu, najisikia vizuri sana.

"Dada," akasema Bruno, "naruhusiwa kuongea sasa?"

"Ongea, mdogo wangu."

"Wao ndio wanaotulipa sisi."

Lifti ile ilikuwa na vioo pande tatu. Nilijiona mara tatu wakati nikielewa. Wanjiru akaweka mkono mdomoni. "Aki ya Mungu, mimi nilidhani ni mbinu! Nikasema huyu Felista amekomaa, anazunguka nyuma ya mtu. Nilikuwa nangoja mwisho wake nione. Wueh!"

"Bruno," nikasema, "kwa nini hukunizuia?"

"Ulisema hata nikiona moto."

"Na moto umeuona?"

"Nimeuona, dada. Tangu ulipobonyeza mara ya kwanza."

Tulikwenda kula kwa sababu ilikuwa saa ya kula. Hakuna aliyekula. Nikampigia Yusta, kwa kuwa kumwandikia kungekuwa woga. Nilimweleza yote kwa mpangilio, na kaunta, na kalkuleta.

"Kumi na mbili," akasema Yusta.

"Ndiyo."

"Na alikuwa ameshataja ishirini na sita."

"Ndiyo."

"Dada, wewe umenilea. Siwezi kukutukana. Mpe simu Bruno nimtukane yeye."

Nikampa. Alimtukana vizuri, na Bruno alisema "ndiyo" kila mara, ameinamisha kichwa juu ya wali.

Kesho yake nilirudi peke yangu, bila kalkuleta. Safari hii nilikalishwa kwenye kiti, ofisini, kwenye harufu ya rangi mbichi, Fang akaleta chai. Nikaeleza. Si rahisi kumweleza mtu kwamba ulimshinda kwa bahati mbaya. Fang alitafsiri kwa uso mkavu mpaka alipofika kwenye Mama Zuhura, hapo akacheka, akaomba radhi kwa Kiswahili safi, akacheka tena.

Bosi Liang hakucheka. Alinionyesha simu yake: ujumbe wa wakubwa wake, wa kampuni iliyompa kazi, wakimpongeza kwa kodi nafuu kuliko ya kambi zao nyingine zote. Bajeti ilikuwa imeshapangwa upya. Fang akasema, "Bosi anasikitika. Akiipandisha sasa, itaonekana amekula njama nawe." Na mimi niliona anasema kweli. Kwa hiyo, vijana, andikeni hili: bei ikishapita mikono miwili hairudi.

Lakini wakala asiyeweza kuhamisha bei huomba nyongeza. Ukikwama kwenye bei ya viatu, unaomba kamba za viatu, unaomba maboksi, unaomba wakubebee mpaka garini. Nikaomba. Uzio wa matofali kuzunguka makaburi ya wazazi, na gari lisipite upande ule. Akakubali. Mikorosho ya mpakani isikatwe. Akakubali, tukahesabu kwenye ramani, thelathini na miwili. Kisima watakachochimba kwa ajili ya kambi kibaki chetu pamoja na pampu. Akafikiri, akakubali. Nyumba mbili za mabati za kambi zibaki. Moja, akasema. Moja, nikakubali. Nilipoona anachoka nikaomba chochote kilichobaki, akaninyooshea mkono kwenye lile rundo la dukani: kofia ngumu ishirini za njano. Nilizichukua. Nyongeza haikataliwi.

Tukaandika kiambatanisho, tukachovya vidole tena. Aliponisindikiza mpaka lifti aliniuliza, kupitia Fang, kama ningependa kumfanyia kazi ya kukodi mashamba mengine huko nyumbani. Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia ya kwetu inanitosha.

Miaka ile minne imekwisha, kambi imehamishwa. Kisima kinatoa maji, uzio umesimama, na ukipita msimu wa korosho utawaona wanawake wanaookota chini ya ile mikorosho ya mpakani wamevaa kofia ngumu za njano kama wanajenga daraja. Yusta anasema zinazuia jua. Kodi yote ilikwenda kwake, Bruno na mimi hatukugusa. Haikutosha, kama alivyosema tangu mwanzo kwamba haitatosha. Mwaka wa pili alimtoa mwanawe wa kwanza shule ya bweni akamrudisha ya kutwa. Hakuniambia. Aliniambia Bruno.

Nilipostaafu nikarudi Masasi na akiba yangu, siku ya pili niliweka bahasha mezani kwake. Yusta akaisukuma nyuma bila kuifungua.

"Hela sitaki. Mimi sikupoteza hela, nilipoteza korosho. Hiyo tofauti ya kumi na mbili na kumi na tano yangu, kwa miaka minne, ni gunia ishirini na moja. Nimepiga hesabu."

"Nikuletee gunia? Nitazitoa wapi? Kununua kwa mtu nje ya ghala la ushirika ni magendo, unajua."

"Usinunue. Uokote."

"Mimi?"

"Dada, mimi nilikuwa naziokota kwa mikono. Wewe una mikono."

Kwa hiyo nimekodi mikorosho ya jirani. Kodi aliyoitaja niliitoa yote, nikaandikiana naye mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Nimeipulizia dawa ya salfa mwenyewe, kitambaa puani, na nimeokota mwenyewe, na mgongo umenifundisha mambo ambayo Shahe haikunifundisha. Msimu wangu wa kwanza nimepeleka ghalani, kwa jina la Yusta, gunia sita. Karani wa chama cha ushirika alipima, akampa yeye stakabadhi, yeye akaisoma pande zote mbili, akaikunja, akaitia kifuani.

Zimebaki kumi na tano.